Usimpakie Chifu Kwenye Pikapu

Mama yangu Nyambura,

Hatimaye umelala. Mama yako pia amelala, baada ya kufungua na kufunga begi lako mpaka zipu ikaanza kugoma. Nimebaki hapa sebuleni na mizigo yako, blanketi jipya, ndoo yenye kifuniko, na lile tangi la kioo ulilolitoa chumbani kwako jioni ili kesho lipakiwe.

Sitakuandikia mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na kupiga simu ukifika. Hayo umeambiwa wiki nzima, na nimekusikia ukiyajibu kabla mama yako hajafika mwisho wa sentensi. Ya chuo siyajui, sikufika huko. Mimi ninajua vitu viwili, mabomba na aibu. Mabomba ya Kisumu yana mafundi wake. Kwa hiyo nitakuandikia hicho kingine.

Nilianza kwa Kikuyu, nikararua karatasi. Kwa Kikuyu naisikia sauti ya cucu yako, mama yangu aliyenizaa, katika kila neno na mkono unasimama. Kiswahili kwangu ni kama glavu za kazi. Nikizivaa naweza kushika kitu kichafu bila kugeuza uso.

Juzi jioni ulikuwa umesimama karibu na tangi la maji ya mvua, ukiongea kwa simu na dada yangu Muthoni. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakaza koki. Sikukusudia kusikiliza, ingawa baada ya sentensi ya kwanza sikuondoka pia. Ulisema, “Tata, utakuja na pikapu? Ni vile Chifu lazima aende na wewe Nanyuki. Siwezi mwachia Baba.” Sikusikia Tata alijibu nini. Nilichosikia ni wewe ukisema, “Hapana, Tata. Mtu mwingine yeyote ni sawa. Si Baba.”

Hukuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ulisema kama mtu anayesema maziwa hayaachwi juani. Nilikaza ile koki mpaka nikaiharibu, na kesho nitaibadilisha.

Mtu wa nje akisoma barua hii atacheka. Chifu ni kaa, kaa wa mtoni. Baba na msichana wake wameishi boma moja hapa Wamagana miaka yote hii wakiongea juu ya ng'ombe, karo na mvua, na kilichowakwama kooni ni kaa. Wacha acheke. Mimi nimechelewa sana kuacha kuogopa kicheko cha watu, lakini nimeanza.

Unakumbuka vizuri ulivyowaleta. Ulikuwa darasa la tano, umetumwa ukachimbe nduma kule bondeni, ukarudi bila nduma. Ulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia umeukumbatia kifuani na maji yanakutiririka mpaka kwenye viatu vya shule. Ndani mlikuwa na kaa wawili, rangi ya matope, wamekunja mikono kama watu wanaongojea kuhukumiwa. Sisi watu wa huku hatukulelewa kupenda viumbe vya maji. Babu zako hawakula hata samaki. Kaa tulimjua kama kitu kinachokubana kidole ukichimba nduma, nawe unakirusha ng'ambo na kuendelea na kazi. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono niuchukue ule mkebe nikamwage, nawe ukaniuliza, “Baba, si wewe ni fundi ya maji? Si unaweza jenga nyumba yao?”

Ulijua pa kunishika. Siku ile ile nilitafuta vioo vya dirisha la duka fulani la Nyeri mjini tulilokuwa tunabomoa choo chake, nikavikata, nikaviunganisha kwa ile gundi tunayozibia sinki. Lilitoka tangi zuri. Nililiweka mezani hapa sebuleni, nikalijaza maji ya mfereji mpaka juu kabisa, nikasimama nyuma kidogo nikaliangalia kama mtu aliyejenga kanisa.

Asubuhi halikuwa na kaa hata mmoja. Mama yako aliwapata chini ya kochi, na sote tunajua alipanda juu ya kiti akakataa kushuka mpaka nikaapa kwamba nimewahesabu. Mpaka leo anasema wanamwangalia vibaya. Ni wewe uliyenieleza, umepiga magoti sakafuni na mikono ina vumbi, kwamba hawa si samaki. “Wanataka maji, Baba, na pia wanataka shamba. Wakikosa pa kutoka wanachoka.” Tukamwaga nusu ya maji. Tukaweka kokoto upande mmoja na udongo wa bondeni juu yake, ukapanda majani, na mimi nikakata kipande cha bomba la inchi nne nikakilaza pale maji yanapokutana na udongo, ili wapate pa kujificha. Mmoja alikuwa anachezesha mkono mdogo mbele ya mdomo siku nzima kana kwamba anaandika, ukamwita Karani. Yule mkubwa alipenda kukaa juu ya jiwe akitazama watu kana kwamba amewaitia baraza, ukamwita Chifu.

Mwezi wa saba ukungu ulipoteremka kutoka Nyandarua nikawahurumia. Nilichukua ile taa ya kupashia vifaranga nikaining'iniza juu yao usiku kucha, kwa sababu kwetu kitu chochote kidogo ukikipenda unakitafutia joto. Asubuhi ulikuta maji ni vuguvugu na wamejibana ndani ya bomba. Uliizima taa, ukanishika mkono, ukaniambia taratibu kama unaongea na mgonjwa, “Hawa ni wa mto wa mlimani, Baba. Baridi ndiyo kwao.” Sikukasirika. Nilienda kazini nikawasimulia vijana wangu wa kibarua, nikiringa.

Nimerudia kusoma hapo juu na nimeona ninachofanya. Najitetea. Nimekuonyesha baba mzuri kwanza ili ukifika kwa yule mwingine umhurumie. Usimhurumie bado. Wacha niseme ya siku ile, kwa sababu hatujawahi kuisema, mimi na wewe, hata siku moja.

Mradi wa maji wa hapa kwetu ulikuwa unatafuta fundi wa kudumu, mtu wa kutunza bomba kuu kutoka kule msituni maji yanapochukuliwa mpaka huku kwa watu. Niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimechoka kuitwa fundi wa vyoo. Mzee Gichuki, mwenyekiti wa kamati, akatuma neno kwamba watapita nyumbani Jumamosi kuniona mahali ninapoishi. Mama yako alipiga sakafu deki mara mbili.

Wiki ile Karani alikuwa ameacha kula. Ulinieleza, na nataka ujue kwamba nilikusikia. Hiyo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Kama ningekuwa sikujua, ningekuwa tu mzee mjinga na leo tungecheka. Ulinikalisha chini ukasema, “Baba, Karani anataka kubadilisha nguo. Gamba limembana, sasa atatoka ndani yake. Akitoka atakuwa laini kama mkate umelowa chai. Usimguse, hata usigonge kioo. Watu hufikiria amekufa na hajakufa.” Nikasema sawa. Nilisema sawa nikikutazama machoni.

Jumamosi wakaja, wazee wanne. Wakaketi pale na pale. Karani alikuwa ametoka ndani ya gamba usiku uliotangulia, amelala ubavu juu ya udongo, rangi yake imefifia, na gamba kuukuu liko kando yake, zima, na miguu yote. Mzee Gichuki aliinama akatazama, akaweka kofia yake juu ya goti.

“Fundi, hii ni nini uko nayo kwa meza? Ni wadudu ya mto?”

“Ni kitu ya mtoto tu, Mzee.”

“Ati ya mtoto. Na nyumba ni ya nani?” Wenzake wakacheka. Hakuwa mkali, alikuwa anafurahia tu. “Sisi tunatafuta mtu ya kutuletea maji safi, na yeye anaweka matope mahali watu wanakunywa chai. Na huyu mmoja si ameoza?”

Nikacheka nao. Nilicheka kwa sauti kuliko wao. Nikasema, “Amekufa huyo. Hata nilikuwa natupa leo.” Nikakunja shati, nikatia mkono ndani ya tangi, nikamshika Karani. Alikuwa laini kama ulivyosema, na alipapatika kidogo katikati ya vidole vyangu. Nilijua yuko hai, Nyambura. Nilikuwa nimemshika na nilijua. Nikageuka dirishani nikamrusha uani, na kuku wa mama yako wakaja mbio.

Nilipogeuka tena ulikuwa kwenye mlango wa jikoni umebeba sinia la chai. Sijui ulikuwa umesimama hapo kwa muda gani. Nilingojea ulie, na nikawa tayari kukukaripia ukilia. Hukulia. Uliingia, ukaweka sinia, ukampa Mzee Gichuki kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, kama cucu yako alivyokufundisha. Kisha ukampa kila mzee chake. Changu ukakiweka mezani mbele yangu kwa mkono mmoja. Huo mkono mmoja nimeuona kila siku tangu hapo.

Kazi nilipata.

Jioni hiyo ulibeba tangi na cucu yako, wewe upande huu na yeye upande ule, mkalipeleka jikoni kwake ng'ambo ya boma, Chifu ndani na gamba la Karani juu ya kokoto. Mimi nilijifanya natafuta spana. Cucu alirudi baadaye peke yake akanikuta nyuma ya nyumba. Alikuwa mtu wa maneno mengi, unamjua, lakini siku ile alisema machache. “Wewe ndiwe ulimpatia huyu mtoto jina yangu, ili mimi nisipotee. Sasa umenionyesha venye ungenifanyia mimi mbele ya watu.” Akaenda zake kukamua.

Ndiyo maana sipendi kukuita mama yangu mbele ya wageni, hata leo. Wanaume wengine wa hapa wakiita mabinti wao hivyo wanafurahia. Mimi nikitamka naona mkono wangu ndani ya tangi.

Unaweza kuuliza kwa nini sikuomba msamaha wiki ile, au mwezi ule. Nilingojea usahau. Mtoto wa darasa la tano husahau, nilijiambia, atapata kitu kingine cha kupenda. Halafu ukawa darasa la sita na hukusahau, ukawa na adabu tu. Uliniamkia kila asubuhi, uliniletea maji ya kuoga, ulinionyesha ripoti ya shule. Ukiwa na jambo la moyoni ulikwenda jikoni kwa cucu. Na mimi kadiri muda ulivyopita ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuwa dogo la kutajwa na kubwa la kubeba. Nani anaomba msamaha wa kaa baada ya miaka? Nilijificha nyuma ya swali hilo nikapata starehe mbaya.

Kazi yenyewe ilinipeleka msituni kila wiki, kule juu maji yanapoingia kwenye bomba. Siku ya kwanza niliinua jiwe ili nisafishe chujio, na chini yake palikuwa na kaa. Niliinua lingine, kaa. Maji ambayo Mzee Gichuki alikuwa anayaita safi yalikuwa yametoka kwao kabla ya kuwa yetu. Niliketi juu ya lile jiwe la zege na buti zangu majini. Ningeweza kushuka siku hiyo nikamwambia, angecheka, na ingekuwa mwisho wake. Sikumwambia. Sikukwambia wewe pia.

Nilichofanya ni kujaza mtungi. Maji ya mfereji yana dawa, na dawa hiyo si nzuri kwa kaa, hilo nilikuwa nimelisikia kwako. Kila niliporudi kutoka juu nilileta mtungi wa maji ya mto nikauacha mlangoni kwa cucu kabla hujarudi kutoka shule. Ulidhani ni yeye aliyekuwa anamtuma mtu. Nilimkataza asiseme. Alikubali, lakini hakukubali bure. “Wewe unaomba msamaha na mtungi,” aliniambia. “Mtungi haiongei.”

Ulipoenda shule ya bweni nilikuwa naenda kunywa chai jikoni kwake. Mwanzoni nilikaa nikilipa tangi mgongo. Cucu alininunia mpaka nikageuza kiti. Hapo ndipo nilipojifunza kidogo, kwa kumtazama yeye akimtazama Chifu. Alimpa jani la kabichi lililochemshwa, kipande cha karoti, kidagaa kimoja cha omena kwa koleo la makaa, na alikuwa anamsimulia habari za wakwe. Siku moja aliinama akaona mayai chini ya tumbo la Chifu, yamejipanga kama shanga, akacheka mpaka akafuta macho. “Hata machifu siku hizi ni akina mama,” akasema. Mayai hayo hayakutoa kitu, lakini jina hukulibadilisha uliporudi likizo, nami nilifurahi.

Cucu alipotuacha mwaka huu, ulilihamisha tangi usiku wa matanga likaingia chumbani kwako. Nilikuona ukifunga mlango na kuweka ufunguo shingoni. Watu walikuwa wengi bomani, ungesema ni kwa sababu ya wageni. Wageni waliondoka na ufunguo ukabaki shingoni.

Hayo ya zamani nimeyasema. Sasa ya Jumamosi iliyopita, ambayo ni mabaya zaidi kwa sababu sikuwa na kisingizio.

Tulikuwa tumeita watu wakuage. Mama yako alikuwa amepika mukimo wa kutosha kanisa zima. Mzee Gichuki alikuja na fimbo yake, sasa anatembea kwa shida. Akaniuliza mbele ya wote, “Na huyu msichana anaenda kusomea nini huko kwa ziwa?” Ulikuwa mbele yake umeshika birika na beseni, unamnawisha mikono. Mimi najua unachoenda kusomea. Barua ya chuo nimeisoma mara nyingi, samaki na viumbe vya maji, nimejifunza hata kulitamka lile jina refu. Nikafungua mdomo nikasema, “Udaktari.”

Watu wakapiga makofi. Uliniangalia, si kwa muda mrefu. Kisha ukaendelea kumwagia maji mikononi, taratibu, mpaka akasema inatosha.

Mzee Gichuki siku hizi si mwenyekiti wa kitu chochote. Hana kazi ya kunipa wala ya kuninyima. Hakucheka, hakunidharau, aliuliza tu. Nilikuuza bure, kwa mazoea. Usiku huo nilielewa kwamba siku ile ya Karani haikuwa ya Mzee Gichuki, wala ya mradi. Ilikuwa yangu. Ningemfanyia mzee yeyote ambaye angekaa kwenye kile kiti.

Ushauri wangu ni huu, na nikimaliza nitaacha. Huko unakoenda watakucheka kwa kitu. Hapa tulikucheka kwa kaa. Huko labda watakucheka kwa vile tunavyotamka, au kwa sweta, au kwa kumkumbuka bibi yako ovyo katikati ya chakula. Mtu akicheka kitu chako, usikiue ili upate kucheka naye. Kicheko chenyewe hakidumu hata chai kupoa. Mimi nilikuwa nafikiri aibu ni kitu watu wanakumwagia. Wanachomwaga wao unaoga kinatoka. Iliyobaki na mimi ni ile niliyojitengenezea mwenyewe kwa mkono wangu, nikikimbia ya kwao.

Na ukipata mtu umemkosea, usingoje asahau. Sema haraka, hata kama utasema vibaya, hata kama ni kitu kidogo kama kaa. Mimi nimengoja mpaka unaondoka, na sasa naandika kama mtu anayepanga vyombo nyumba ikiwa imeshaungua.

Nisamehe, mama yangu. Nisamehe kwa Karani. Nisamehe kwa ile chai uliyolazimika kuwagawia. Nisamehe kwa Jumamosi. Sikuandiki ili unijibu.

Nilikuwa nimalizie hapo. Ulikuwa ndio mwisho wa barua, nimeshakunja karatasi. Nikasema niende nimuage Chifu, kwa sababu nilikuwa nimekubali kwamba anaenda. Una haki ya kumpeleka. Ningekuwa wewe, ningempeleka.

Nimemulika kwa tochi ya simu, kwa mbali. Hajala. Kile kipande cha karoti ulichompa ni kile kile, kimeanza kunyauka, na nikikumbuka vizuri hata cha awali hakikuguswa. Ametoka nusu kwenye bomba na amelala ubavu. Nikadhani ni uzee. Nikasogea. Nyuma ya gamba lake, pale mgongo unapokutana na tumbo, kuna mstari umeanza kufunguka, na ndani yake kunaonekana kitu cheupe.

Anabadilisha nguo, Nyambura. Usiku huu, juu ya meza ile ile.

Najua hukuona kwa sababu ulikuwa na wageni na mizigo, na vyeti vya kutolewa nakala mjini. Si kosa lako. Lakini asubuhi Tata Muthoni anakuja na pikapu, na barabara ya kutoka hapa mpaka lami unaijua, na baada ya lami kuna safari yote hiyo mpaka Nanyuki, maji yakigonga huku na huku na kokoto zikiporomoka. Hatafika. Akiwa katikati ya gamba na gamba hatafika, na nimeshawahi kushika mkononi kitu kilicho katika hali hiyo.

Nilikuja mpaka mlangoni kwako. Niliinua mkono nibishe. Halafu nikafikiri jinsi itakavyosikika, baba ambaye anajua hajaaminiwa, anakuamsha usiku wa mwisho kukwambia kwamba kaa hawezi kusafiri, lazima abaki naye. Mimi mwenyewe nisingeamini. Ungefikiri ni ujanja wa kumbakiza. Pia nilifikiri kwamba nikikuamsha utawasha taa, utakimbia, na yeye anataka giza na kimya. Nikarudi. Nimefunika upande wa tangi na shati langu ili mwanga wa taa hii usimfikie.

Kwa hiyo ninakuomba kitu ambacho sina haki ya kuomba. Usimpakie Chifu kwenye pikapu. Ukiamka, kabla ya kila kitu, njoo uangalie mwenyewe, usichukue neno langu. Ukiona nimekosea, mpakie. Ukiona nimesema kweli, muache mezani hapa mpaka gamba jipya liwe gumu, halafu Tata atakuja kumchukua wakati wowote, na nitambeba mimi mwenyewe mpaka kwenye gari. Maji ya mto ninayo ya kutosha, nimeyaweka kwenye ndoo mahali penye baridi. Gamba kuukuu sitalitoa, nakumbuka ulisema hulila ili apate nguvu. Sitaweka taa. Mama yako nitamwambia asipige deki sebule.

Jumapili nikienda kanisani nitamtafuta Mzee Gichuki nimwambie unaenda kusomea nini, na nitamtajia kaa kwa jina lao. Usiniamini mpaka uyasikie kwa mtu mwingine.

Nimeketi hapa kwenye kiti cha karibu na dirisha, na dirisha nimelifunga. Sijamgusa, wala sitamgusa. Chifu ametoa mkono mmoja nje sasa hivi, umejaa unyevu, na ameulaza kwenye udongo, anapumzika kabla ya kutoa mwingine.

Kuku wote nimewafungia. Ufunguo wa banda ni huu hapa juu ya karatasi. Uchukue wewe, uwafungulie utakapoona inafaa.

Baba yako